Sokoni anahesabu, darasani anashindwa: je, nimhamishe shule?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, na ninaishi Pasua hapa Moshi. Ninauza nafaka katika soko la Mbuyuni, na mume wangu ni dereva wa lori ambaye mara nyingi hukaa wiki mbili au tatu barabarani kabla ya kurudi nyumbani. Ninakuandikia kuhusu mtoto wangu wa pili, mvulana wa miaka 10 aliyeko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, na mimi nimebaki sijui nishike lipi.

Mwezi uliopita mwalimu wa darasa aliniita akanionyesha karatasi yake ya Hisabati. Alikuwa amepata 14 kwa 50. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba mtoto ni mzito, kwamba darasani wako 94 na yeye hawezi kumrudia mmoja mmoja, na kwamba hali ikibaki hivi mpaka upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mwishoni mwa mwaka, nijiandae kwa mtoto kukariri darasa. Niliomba niondoke na ile karatasi. Swali moja liliuliza hivi: mama alikuwa na shilingi 10,000, akanunua mahitaji ya shilingi 3,700, alibaki na shilingi ngapi? Mwanangu alikuwa ameandika 13,700. Swali jingine lilikuwa 402 kutoa 178, naye akaandika 376.

Mama Mshauri, mtoto huyu hunisaidia mezani kila Jumamosi tangu akiwa darasa la pili, na sijawahi kupata hasara kwa mkono wake. Nilishindwa kuamini. Jumamosi iliyofuata nilimwomba jirani yangu wa meza aje kama mteja, anunue maharage kilo moja ya 2,400 na mchele nusu kilo wa 1,300, na atoe noti ya elfu kumi. Mtoto alipima, akafunga, akaweka mia tatu mkononi mwa yule mama akasema, "Elfu nne." Akaongeza elfu moja akasema, "Elfu tano." Akaweka noti ya elfu tano juu yake akasema, "Elfu kumi, karibu tena mama." Hakuandika popote wala hakusita.

Likizo iliyopita alikuwa kwa babu yake Uru. Zamu yao ya maji ilifika, lakini maji yakawa hayafiki kwenye migomba ya chini, na wakubwa wakaanza kumshuku jirani. Mwanangu aliokota jani kavu, akaliweka majini juu ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, akatembea nalo pembeni ya mfereji hadi mahali ambapo jani lilisimama na kuanza kuzunguka. Hapo palikuwa na shimo la fuko. Aliliziba kwa udongo na magome ya mgomba, kisha akaenda juu tena na jani jingine kuhakikisha. Babu yake amelisimulia jambo hilo kwa kila anayepita pale.

Sasa naja kwenye linaloninyima usingizi. Nilihudhuria semina ya wazazi ambapo mgeni kutoka shule moja binafsi alitufundisha kwamba binadamu ana akili za aina nane. Alitupa karatasi ya rangi yenye maswali 40 ya kujaza kuhusu mtoto, kwa mfano kama anapenda kugusa vitu, kama anapenda kuchora, kama anahangaika akikaa muda mrefu. Alipojumlisha alama akaniambia mwanangu ana akili ya mwili na ya maumbo, na kwamba akili yake ya hesabu ni ndogo, hivyo nisimlazimishe. Alisema shule yao, ya mchepuo wa Kiingereza, hufundisha kila mtoto kulingana na akili yake. Ada ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka bila usafiri. Ili nimpeleke Januari lazima nichukue mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na nipunguze mtaji.

Mume wangu hataki kusikia habari za mkopo. Anasema mtoto amalize shule ya msingi tu kisha aende gereji kwa baba yake mdogo, maana mikono yake inaonyesha wazi alikotumwa na Mungu. Mimi nilifikiria tuisheni ya jioni, lakini nilimpeleka wiki tatu akawa anarudi amechoka na hakuna nilichoona kimebadilika.

Kuna mambo mawili ninayaona aibu kuyaandika. La kwanza, siku niliyotoka kwa mwalimu nilimwambia mbele ya dada yake, ambaye huwa miongoni mwa watatu wa kwanza darasani kwake, kwamba yeye ni mzigo. Alinyamaza, na tangu hapo haniombi tena nimkague daftari. La pili, aliiona ile karatasi ya rangi. Wiki iliyopita nilimwambia afanye kazi ya nyumbani ya Hisabati akanijibu kwa utulivu kabisa, "Mama, mimi akili zangu siyo za hesabu." Sikujua nimjibu nini.

Nimwache akariri darasa, nimhamishe, au nikubali kwamba ni mtoto wa mikono na nimpumzishe?

Mama wa Pasua, Moshi

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu.

Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi, na nilipofika pale ulipomtuma jirani yako aje kununua vitu vya shilingi 3,700 niliweka karatasi chini kwa muda. Nimefundisha darasa la tatu na la nne kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sikumbuki kama niliwahi kumchunguza mtoto kwa busara kama hiyo. Umefanya kazi ambayo sisi walimu tulipaswa kuifanya, na majibu mengi unayoyatafuta umeyaandika mwenyewe katika barua yako.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la Januari: akariri, ahame, au aachwe aelekee gereji. La pili, na nadhani ndilo linalokunyima usingizi hasa, ni kama mwanao anazo akili za hesabu au hana. Naomba tuanze na hili la pili, kwa sababu uamuzi wa Januari utakaofanywa kabla ya kulielewa utakuwa wa kubahatisha, hata kama utagharimu fedha nyingi.

Chukua kalamu uandike 10,000, na chini yake 3,700, kama watoto wanavyofundishwa kupanga. Anza kulia. Sifuri kutoa sifuri ni sifuri, mara mbili. Kwenye mamia ni sifuri kutoa saba. Mtoto ambaye hajaelewa kukopa, yaani kuazima kumi kutoka kwenye namba ya kushoto, hufika hapo akakwama, na kwa kuwa amezoea kwamba namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, hugeuza: saba kutoa sifuri, saba. Kwenye maelfu hugeuza tena, anapata tatu. Ile moja ya mwisho anaishusha. Soma ulichopata: 13,700. Sasa fanya hivyo hivyo kwa 402 kutoa 178. Nane kutoa mbili ni sita, saba kutoa sifuri ni saba, nne kutoa moja ni tatu. Umepata 376, jibu lile lile aliloandika yeye.

Unaona, binti yangu? Mtoto anayebahatisha hakosei kwa mpangilio. Mwanao ana kanuni anayoifuata kwa uaminifu katika maswali yote mawili, isipokuwa kanuni yenyewe ni mbovu, na huenda aliitunga peke yake siku moja akiwa amekaa nyuma ya watoto 90 wakati mwalimu anaeleza kukopa. Sijaona karatasi nzima, na sitaki kudai kwamba alama zote 36 alizokosa zimetokana na jambo hili. Lakini maswali yote ya kutoa yenye kukopa yatakuwa yameharibika kwa namna hiyo, na ya kugawanya kwa njia ndefu pia, kwa kuwa ndani yake kuna kutoa. Kosa kama hilo lina mahali lilipo, na kilicho na mahali hutafutika, kama shimo la fuko.

Mezani kwako yeye hatoi kwa kupanga namba. Anapanda kutoka 3,700 hadi 10,000 kwa ngazi: mia tatu, elfu moja, elfu tano. Hiyo ni kutoa, tena kutoa kwa mtu anayeelewa anachofanya, maana kila ngazi anaitaja kwa sauti na mteja anaihakiki. Yeye si wa kwanza kuwa hivi. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani katika jiji la Recife, Brazil. Walikwenda kwao kama wateja, kama jirani yako alivyofanya, wakauliza bei na chenji. Watoto walijibu sahihi takriban mara 98 katika kila 100. Baadaye hesabu za aina hiyo hiyo ziliwekwa kwenye karatasi kama namba tupu, na watoto wale wale wakapata takriban 37 katika kila 100. Zilipofungwa ndani ya hadithi fupi, kama mafumbo ya shuleni, walipata takriban 74.

Hiyo 74 naomba uitazame mara mbili. Kwa watoto wa Recife hadithi ilisaidia, kwa sababu waliweza kuliona duka lake na mteja wake. Mwanao swali lake lilikuwa na mama, mahitaji na shilingi, mambo anayoyaishi kila Jumamosi, na bado halikumsaidia. Hilo linanifanya niulize jambo ambalo barua yako haikuligusa: anasomaje? Mpe aya ya kitabu chake cha Kiswahili aisome kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake ilichosema. Watoto wengi nilioambiwa ni dhaifu wa Hisabati walikuwa wanatumia nguvu zao zote kusoma maneno, na walipofika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshawatoka, basi wakaokota zile namba mbili na kuzifanyia lolote. Angalia pia macho na masikio yake. Muulize anakaa dawati la ngapi na kama ubao anauona. Ni mambo madogo, lakini nimeona mtoto akiitwa mzito mwaka mzima na kumbe alihitaji miwani.

Sasa nije kwenye karatasi ya rangi. Aliyeeneza wazo la akili nyingi ni Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983. Alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya maumbo na nafasi, ya kuelewana na watu, na ya mtu kujielewa, baadaye akaongeza ya nane, ya kutambua viumbe na mazingira. Wazo hilo lilipendwa sana na walimu, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu liliturudishia heshima ya watoto ambao shule ilikuwa haiwaoni. Mtoto aliyefuatilia jani kando ya mfereji wa Uru anastahili kuheshimiwa kwa alichokifanya. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipolalamikia dhana kwamba maarifa yote yenye maana hupatikana vitabuni au kwa watu waliosoma.

Lakini wazo hilo, likitoka kwa Gardner mpaka kufika kwenye ile semina, limebadilika njiani. Kwanza, wanasaikolojia wengi hawakubaliani nalo, kwa sababu tangu Charles Spearman wa Uingereza alipolionyesha mwaka 1904 imeonekana tena na tena kwamba watu wanaofanya vizuri katika aina moja ya majaribio ya akili huelekea kufanya vizuri katika mengine pia. Vipaji havikai katika masanduku nane yasiyogusana. Pili, Gardner mwenyewe amewahi kuandika kupinga akili zake kuchanganywa na kile kinachoitwa mitindo ya kujifunza, yaani kusema huyu ni mtoto wa kugusa, yule wa kusikia, basi kila mmoja afundishwe kwa njia yake tu. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walizipitia tafiti za mitindo hiyo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwagawa watoto kwa namna hiyo huwafanya waelewe zaidi. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, katika maswali uliyoyataja hakuna hata moja lililompa mwanao kitu cha kutatua. Uliulizwa anachopenda. Kwamba anapenda kuchora na hapendi kukaa muda mrefu ni kweli tupu, lakini huwezi kutoka hapo ukafika kwenye kusema kwamba akili yake ya hesabu ni ndogo, hasa kwa mtoto ambaye kwa miaka miwili hajakutia hasara.

Simtuhumu yule mgeni kwa hila. Huenda anaamini anachofundisha. Ninachokuomba ukipime ni kazi ambayo karatasi ile imeifanya nyumbani kwako. Majaribio ya kwanza ya akili kwa ajili ya shule yalitengenezwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon, ili watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni wajulikane na wasaidiwe. Karatasi yako imeelekea kinyume. Mtoto aliisoma akaona ruhusa ya kuacha. Neno "mzigo" lilimuumiza. Hili la "akili zangu siyo za hesabu" halimuumizi, linampumzisha, na ndiyo sababu naliogopa kuliko lile la kwanza.

Unaweza kumjibu nini, basi? Nadhani si kwa kubishana naye. Yuko mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Hungaria, George Pólya, ambaye mwaka 1945 alieleza utatuzi wa tatizo kwa hatua nne: kulielewa, kupanga njia, kuitekeleza njia hiyo, na kurudi nyuma kuhakiki. Ziweke hatua hizo kando ya mfereji wa babu. Wakubwa walikuwa wameshahukumu jirani ameiba maji. Mtoto alijiuliza kwanza maji yanaishia wapi. Akapanga njia, ambayo ni jani. Akalifuata, akaziba. Kisha akapanda juu tena na jani la pili. Hatua hiyo ya nne hata watu wazima huiruka, na yeye aliifanya bila kuambiwa na mtu.

Kwenye karatasi hakurudi na jani la pili. Angerudi angeliona lile 13,700 linamwambia kwamba mama ametoka nyumbani na elfu kumi, akanunua vitu, akarudi na zaidi ya alizoondoka nazo. Nina hakika mteja akikuambia maneno hayo sokoni mwanao atacheka. Kwa hiyo linalokosekana silioni kuwa ni akili, bali ni daraja kati ya meza yako na daftari lake: hajajua kwamba zile ni shilingi zile zile. Daraja hilo unaweza kuanza kulijenga wewe mwenyewe bila mkopo. Siku moja biashara ikipoa, muombe aandike alivyompa mteja chenji, ngazi kwa ngazi, 300, kisha 1,000, kisha 5,000, ajumlishe, na aweke jibu lake kando ya lile la kupanga. Usimwambie lipi ni sahihi. Muulize yeye lipi angelikubali kama angekuwa mteja. Kukopa nako mfundishe kwa noti: mpe noti ya elfu kumi moja, mwambie akupe 3,700, na mwache agundue kwamba hawezi mpaka aivunje kwa noti za elfu moja, kisha elfu moja mojawapo aivunje kwa mia mia. Akishaivunja kwa mikono mara kadhaa, mwonyeshe kwamba mistari ile midogo ambayo mwalimu hukata juu ya sifuri ndiyo kule kuvunja noti. Nenda pole pole, siku moja swali moja au mawili, na akichoka mwache.

Sipendi kukuahidi kwamba itatosha. Inaweza kuwa lipo tatizo jingine chini ya hili, la kusoma au la kushika namba, ambalo litahitaji mtu mwenye ujuzi zaidi yangu na yako. Lakini wiki chache za kufanya hivi zitakuonyesha mengi kabla ya Januari, na ninakusihi uende tena kwa mwalimu ukiwa na maswali yale mawili na maelezo ya jinsi mtoto alivyokosea. Umeandika kwamba alikueleza kwa upole. Mtu mwenye watoto 94 hawezi kutafuta shimo katika kila daftari, lakini akionyeshwa lilipo, kumkalisha mtoto mbele na kumpa dakika tano si jambo kubwa. Pengine atagundua kwamba wako wengine 20 wanaogeuza namba kama yeye.

Sasa Januari. Kukariri darasa kunampa mtoto muda, na kwa mtoto ambaye ana pengo dogo linalojulikana muda ni kitu cha thamani. Hatari yake ni kwamba mwaka wa pili ukifundishwa kama wa kwanza, kukopa kutaelezwa tena kwa haraka ile ile, na safari hii atakuwa amekaa na wadogo zake huku wenzake wakimpita uwanjani. Kwa hiyo ukifikia hapo, muulize mwalimu ni nini kitakachofanyika tofauti.

Kumhamisha kunaweza kumletea darasa dogo na mwalimu anayemjua kwa jina, na hilo si la kudharau hata kidogo. Lakini fikiria lugha. Mtoto aliyejifunza Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka minne, na ambaye fumbo la Kiswahili tayari linamchanganya, ataanza kusoma mafumbo hayo kwa Kiingereza. Wapo wanaoinuka, wapo wanaozama mwaka mzima. Fikiria pia mtaji, kwa sababu ile meza ndiyo inayowalisha wote watatu, na kwake ni darasa pia. Kabla ya kuchukua mkopo, omba ukae darasani pale siku moja. Tazama wanafanya nini mtoto anapokosea. Waulize vilevile kama watamfundisha hesabu kwa bidii ile ile wanayowafundisha wale wenye "akili ya hesabu", na usikilize watakavyojibu.

Kuhusu tuisheni sina mengi. Wiki tatu ni chache, na kama ni darasa jingine la watoto wengi linalorudia yale yale, uchovu wake nauelewa.

Baba yake naye usimchukulie kama asiyejali. Mtu anayesema mikono ya mwanangu inaonyesha alikotumwa amemtazama mwanawe na amemwona. Ufundi ni njia ya heshima. Pale Moshi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, na mitaala mipya ya sekondari imeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, kando ya mkondo wa jumla, kwa hiyo mikono na shule havilazimiki tena kuachana mapema. Tatizo ninaloliona ni la muda na la hesabu yenyewe. Ana miaka 10, na kumwambia leo kwamba mlango wake ni mmoja ni kumfungia mingine ambayo hata hajaiona. Na gereji haimwepushi mtu na hesabu. Fundi hupima nafasi kati ya vipuri kwa sehemu ndogo za milimita, hupiga hesabu za vipuri, hutoza na kurudisha chenji. Anayeshindwa hesabu hubaki kushika tochi huku mwingine akifungua injini. Mume wako anajua ni mafundi gani anaowaamini na lori lake, na kwa nini. Akirudi safari, mwombe amsimulie mtoto habari zao, na mwonyeshe yeye ile karatasi yenye 13,700 jinsi ilivyopatikana kabla hamjaanza kuongea habari za fedha. Uamuzi ni wenu wawili, na kwa sehemu yake ni wa mtoto pia, kwa sababu ndiye atakayeamka asubuhi kwenda huko mtakakochagua.

Limebaki lile neno "mzigo". Uliliandika mwishoni, kwa aibu, lakini nililiona linatembea katika barua nzima. Mimi pia niliwahi kumwita mtoto mvivu mbele ya darasa, nikaja kujua baadaye kwamba alikuwa anaamka alfajiri kuchota maji kabla ya kuja shule, na mpaka leo nikikutana naye mjini mimi ndiye ninayeinamisha macho. Sisi Waswahili tuna tabia ya kumwomba mtoto msamaha kwa kumnunulia kitu au kumpikia anachokipenda, tukidhani ataelewa. Mwanao anataja kila ngazi ya chenji kwa sauti ili mteja asiwe na shaka. Nadhani na yeye anastahili kuambiwa kwa sauti, na kwa kuwa neno lilisemwa mbele ya dada yake, dada yake awepo.

Halafu usianze na daftari. Kaa naye siku moja mezani wateja wakipungua, umuulize kilichomfanya afikirie jani, maana ulisimulia aliyoyafanya lakini hukuniambia kama kuna mtu amewahi kumuuliza alikuwa anawaza nini. Msikilize mpaka amalize. Kisha mletee lile swali la mama mwenye shilingi 10,000, umwambie hapa pana maji yanapotea na wewe hujui wapi, umpe kalamu. Nitafurahi ukiniandikia alichokijibu.

Mshauri wako